Mjumbe wa Chama Chenu Ametumwa na Nani?



Wazee wetu walisema, "Mjumbe hauawi." Maana yake ni kwamba maneno anayoyaleta mjumbe si yake, ni maneno ya wale waliomtuma. Ukikasirika, wakasirikie wao, yeye mwache aende zake. Methali hii ni ya kweli. Lakini katika vyama vyetu vya ushirika yafaa tuulize swali jingine: Je, mjumbe wetu ametumwa kweli? Na kama ametumwa, ametumwa na nani, akaseme nini?

Jaribu jambo hili. Kesho asubuhi utakapopeleka maziwa kituoni, waulize jirani zako watatu maswali haya: Ni nani anayekwenda kutusemea katika chama kikuu? Mkutano wa mwisho ulikuwa lini? Aliporudi alitueleza nini? Wakikujibu upesi, chama chenu kina afya. Wakitazamana na kukuna vichwa, basi soma makala haya mpaka mwisho, kisha mpe jirani yako naye asome.

CHAMA NDANI YA CHAMA

Chama chenu cha ushirika hakisimami peke yake. Ni kama ng'ombe mmoja katika kundi. Wewe na jirani zako mmejiunga katika chama cha msingi, ambacho hupokea maziwa, pareto, kahawa au viazi vyenu. Vyama vya msingi vikijiunga pamoja, huunda chama kikuu cha ushirika. Na vyama vikuu, pamoja na vyama vingine vya nchi nzima, hujiunga tena katika shirikisho la taifa. Vyama vya Kenya viliunda shirikisho la namna hiyo mwaka 1964, na siku hizi kazi hiyo inafanywa na Co-operative Alliance of Kenya. Juu yake kuna muungano wa ushirika wa dunia nzima, ambao ulianzishwa mjini London mwaka 1895.

Chama kikuu hakikuundwa ili kijitajirishe chenyewe. Kiliundwa ili kifanye kazi ambazo chama kidogo hakiziwezi: kununua lori, kuweka tangi la kupozea maziwa, kununua mbolea kwa wingi ili bei ipungue, kutafuta soko, na kufundisha makarani. Kikibakiwa na ziada baada ya kulipa gharama zake, ziada hiyo ni mali ya vyama wanachama, nao ndio wanaoamua itumiwe vipi.

Lakini tazama jambo hili. Wakulima elfu nyingi hawawezi kukaa katika chumba kimoja na kujadiliana. Kwa hiyo kila chama cha msingi humpeleka mjumbe mmoja, au wawili, au watatu, kama kanuni za chama kikuu zinavyosema. Katika chama chako cha msingi kila mwanachama ana kura moja tu, akiwa na hisa nyingi au chache, akiwa na ekari 50 au ekari 5. Lakini katika chama kikuu kura yako imo mfukoni mwa mjumbe. Akilala mkutanoni, wewe umelala. Akinyamaza, wewe umenyamaza. Wahenga hawakukosea waliposema, "Asiyekuwapo na lake halipo."

MAMBO HAYA YALIANZA ZAMANI

Desturi hii ya kutuma wajumbe haikuanzia kwetu. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao wafanyakazi maskini, walikusanya pesa kidogo kidogo wakafungua duka lao wenyewe. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa, bila kupunja mizani wala kuchanganya unga na takataka. Kanuni yao ilikuwa mtu mmoja, kura moja. Maduka ya namna hiyo yalipokuwa mengi, yaliona kwamba kila moja likinunua bidhaa peke yake linalipa bei kubwa. Kwa hiyo mwaka 1863 yaliunda chama kimoja cha kununua kwa jumla, nayo maduka yenyewe yakawa ndiyo wenye chama hicho.

Hapa Kenya chama cha kwanza cha ushirika kilianzishwa na walowezi wa Kizungu huko Lumbwa, ambapo sasa panaitwa Kipkelion, mwaka 1908. Mwafrika alifunguliwa mlango baadaye sana, kwa sheria ya mwaka 1945. Kisha, kuanzia mwaka 1962, mashamba makubwa ya walowezi yalipogawanywa katika mpango ule wa ekari milioni moja, vyama vya ushirika vilianzishwa pamoja na makazi mapya. Baba zetu walipewa ardhi kwa mkopo, na chama ndicho kilichopokea maziwa na pareto na kukata sehemu ya malipo ili kulipa deni. Wazee wa makazi wanakumbuka makato hayo. Basi mkulima wa makazi, kuliko mkulima mwingine yeyote, anajua kwamba uamuzi unaofanywa katika chumba cha mbali unaweza kufika mpaka ndani ya sufuria yake.

WAJUMBE WAWILI

Sasa tutunge mfano. Si habari ya chama fulani, kwa hivyo hatutataja majina. Lakini ni jambo linaloweza kutokea mahali popote.

Kuna vyama viwili jirani, kimoja upande wa juu wa mto na kimoja upande wa chini. Kila kimoja kina wanachama 300, na kila mwanachama hupeleka kama lita 6 za maziwa kwa siku. Vyote viwili ni wanachama wa chama kikuu kimoja. Siku moja chama kikuu kiliandika barua kwa vyama vyake: "Tunataka kununua tangi kubwa la kupozea maziwa. Tunaomba vyama vikubali makato ya shilingi 1 kwa kila lita kwa muda wa miaka mitatu. Shauri hili litajadiliwa katika mkutano mkuu baada ya majuma matatu."

Shilingi moja ni kitu kidogo, utasema. Haya, tupige hesabu. Lita 6 kwa wanachama 300 ni lita 1,800. Kila siku chama kitakatwa shilingi 1,800. Kwa siku 30 ni shilingi 54,000. Na mwanachama mmoja atakatwa shilingi 180 kila mwezi. Kwa mtu mwenye watoto shuleni, hilo ni shauri la kujadiliwa.

Mjumbe wa upande wa chini alipokea barua akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti lake. Haikutoka humo mpaka siku ya mkutano.

Mjumbe wa upande wa juu alifanya vingine. Asubuhi ya pili alisimama kituoni wakati wakulima wanapanga foleni na madebe yao, akawasomea barua. Kisha akawaita katika mkutano siku ya Jumamosi. Wengine walipinga, wengine walikubali. Mama mmoja mzee akanyosha mkono akasema, "Mwanangu, hilo tangi litawekwa wapi?"

"Litawekwa makao makuu ya chama kikuu, mama."

"Maziwa ya asubuhi hayana taabu, lori linayachukua. Yanayoharibika ni ya jioni, kwa sababu hakuna lori la jioni. Tangi likikaa huko mbali, maziwa yangu ya jioni yatakwendaje? Yataota miguu?"

Watu wakacheka, lakini waliona kwamba amesema kweli. Mjumbe akatoa daftari akaandika. Mwisho wa mkutano wakamtuma na maneno matatu. La kwanza, tangi tunalitaka, lakini makato yawe senti 50. La pili, vituo vyote viwekewe matangi madogo, au lori lipite jioni pia. La tatu, hesabu ya pesa hizo isomwe kwa vyama kila miezi mitatu. Akawasomea tena alivyoandika, wakasema, "Ndivyo."

Siku ya mkutano mkuu ikafika. Mjumbe wa chini alikaa nyuma. Alipoulizwa anasemaje, alisema anaunga mkono. Mjumbe wa juu alisimama akasema maneno yake matatu, moja baada ya jingine, akaeleza na sababu zake. Mjumbe wa chama kingine cha mbali akasema kwamba kwao pia maziwa ya jioni yanaharibika. Mwenye hazina wa chama kikuu akaonyesha kwamba senti 50 hazitatosha kulipa tangi kwa miaka mitatu. Wakajadiliana mpaka alasiri. Mwisho kura ikapigwa: makato yawe senti 75 kwa lita, yaishe baada ya miaka mitatu, lori lipite jioni pia, na hesabu isomwe kila miezi mitatu. Matangi madogo yalikataliwa.

Sasa angalia yaliyotokea. Uamuzi ulikuwa mmoja kwa vyama vyote viwili. Makato yalikuwa sawasawa. Mjumbe wa juu alirudi, akaitisha mkutano, akaeleza yote. "Mlinituma na senti 50, nimeshindwa, ni senti 75, na sababu ni hii. Matangi madogo tumenyimwa. Lori la jioni tumepata. Hesabu tumepata." Baadhi ya watu walinung'unika, lakini mwisho wa mwezi karatasi za malipo zilipoonyesha makato, hakuna aliyeshtuka. Na jioni lori lilipita.

Upande wa chini mjumbe alirudi nyumbani jua likitua, akamwambia mkewe kwamba chakula kilikuwa kizuri. Basi. Mwisho wa mwezi wakulima wakaona shilingi 135 hazipo katika malipo yao. "Tumeibiwa!" Karani hakujua la kusema. Mwenyekiti alisema, "Ni mambo ya chama kikuu." Mwezi wa pili watu wengi walianza kuwauzia maziwa wachuuzi wa barabarani, ambao hulipa pesa taslimu asubuhi ile ile. Lakini mvua ziliponyesha na maziwa yakawa mengi kila mahali, wachuuzi wakapunguza bei, na siku nyingine hawakuja kabisa. Wakati huo maziwa ya chama yalikuwa yamepungua, lakini gharama ya lori na mshahara wa karani ni vile vile. Chama kikaanza kuyumba.

Tangi lilikuwa jema. Makato yalikuwa ya haki. Kilichoharibu upande wa chini ni barua iliyolala katika mfuko wa koti, na mdomo uliofungwa aliporudi.

KAZI YA MJUMBE INA SEHEMU TATU

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mjumbe ni siku ile ya mkutano. Sivyo. Siku hiyo ni sehemu moja tu, nayo ni ya katikati.

Kabla ya kwenda. Sharti apate barua ya mkutano mapema, ajue mashauri yatakayojadiliwa, na awaeleze wanachama kwa lugha wanayoifahamu. Aandike waliyomtuma, kisha awasomee. Kama kuna shauri la pesa, apige hesabu na kuonyesha ni kiasi gani kitakachomfikia mkulima mmoja. Tena asiwaulize wale walio na hisa tu. Katika nyumba nyingi hisa ni ya mume, lakini anayekama alfajiri na kubeba debe ni mke. Yeye ndiye anayejua maziwa yanaharibikia wapi. Chama ambacho hakiwasikilizi akina mama kinajinyima habari zake chenyewe.

Mkutanoni. Aseme aliyotumwa kabla ya kusema yake. Akiwa na wazo lake mwenyewe, aseme wazi, "Hili ni langu, si la chama changu." Asikilize pia, kwa maana vyama vingine navyo vina taabu zao. Chama kikuu si mahali pa kuvutana kama watoto na kamba. Kama chama chenu kitapata barabara nzuri na lori zuri, na cha jirani kife, chama kikuu kizima kitadhoofika, na ninyi pamoja nacho.

Je, likizuka shauri jipya ambalo halikuandikwa katika barua? Hapa wajumbe wengi hukosea. Fuata kanuni hii rahisi. Kama ni jambo la taratibu tu, kwa mfano siku ya mkutano ujao, tumia akili yako. Kama ni jambo litakalogusa mfuko wa mwanachama au kukiingiza chama katika deni, simama useme, "Bwana Mwenyekiti, jambo hili sikutumwa. Naomba liahirishwe mpaka tuwaulize wenye vyama." Hiyo si aibu. Aibu ni kukubali deni la watu wengine kwa kuwa gari la kurudi nyumbani linangoja.

Baada ya kurudi. Atoe habari upesi, kabla uvumi haujamtangulia. Aeleze aliyoyapata na aliyoyakosa. Mjumbe anayeeleza ushindi tu si mkweli. Tena, kura ikiisha kupigwa kwa haki na akashindwa, asirudi kuwachochea watu wavunje uamuzi. Awaambie, "Tumeshindwa safari hii, tutajaribu tena kwa njia ya kanuni."

MAMBO YA HESABU

Jambo moja linataka mkazo wa pekee. Kila mwaka chama kikuu huwasomea wajumbe hesabu zake. Karatasi ni nyingi, tarakimu ni ndefu, na saa ya chakula inakaribia. Wengi huinua mkono na kusema, "Zimepita." Usifanye hivyo.

Ukaguzi wa hesabu za chama kikuu cha vyama vya akiba na mikopo vya nchi yetu, uliotangazwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba shilingi zipatazo bilioni 13 zilikuwa zimepotea. Pesa hizo ziliwekwa huko na vyama wanachama, na nyuma ya vyama hivyo wako walimu, wakulima na wafanyakazi walioweka akiba yao shilingi kwa shilingi. Hilo ni somo kwa kila mjumbe, awe wa maziwa, kahawa au akiba. Huna haja ya kuwa mhasibu ili uulize maswali haya manne: Pesa zilizoingia ni ngapi? Zilizotoka zilikwenda wapi? Tunadaiwa na nani, na sisi tunamdai nani? Mkaguzi ni nani, naye amesema nini katika taarifa yake? Ukijibiwa kwa hasira badala ya tarakimu, andika katika daftari lako, kisha uwaeleze waliokutuma. Afisa wa ushirika wa kaunti yuko pia kwa ajili ya mambo kama haya, nenda umwone.

Na marupurupu je? Ni haki mjumbe alipwe nauli na chakula, maana ameacha shamba lake. Lakini kiasi hicho kijulikane na wanachama wote, na kiandikwe. Mjumbe akianza kuitamani safari kuliko kazi, au akipewa bahasha na mtu anayetaka kuuza tangi au mbolea, sauti yenu imekwisha kununuliwa. Bahasha hiyo mtailipa ninyi, kwa bei ya kila lita.

NAWE MWANACHAMA, UNA SEHEMU YAKO

Usimwachie mjumbe mzigo wote. Kama mlimchagua kwa sababu ana gari, au kwa sababu ni mjomba wa fulani, au kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyekubali, msilaumu mkipata mavuno ya mbegu mliyopanda. Chagueni mtu ambaye maziwa yake au kahawa yake inapitia chamani kila siku, kwa maana yeye akiharibu ataumia pamoja nanyi. Chagueni mtu anayeweza kusema "hapana" mbele ya wakubwa, na "nimekosea" mbele yenu. Awe mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, si kitu.

Kisha mkiisha kumchagua, mtumeni. Njooni mkutanoni anapowaita. Msipokuja, atakwenda na mawazo yake peke yake, nanyi hamtakuwa na haki ya kulalamika. Akirudi, msikilizeni mpaka mwisho kabla ya kupiga kelele. Akileta habari mbaya lakini za kweli, mshukuruni, maana ndiyo maana ya methali tuliyoanza nayo. Na muda wake ukiisha kama kanuni zinavyosema, msione haya kumpumzisha na kumpa mwingine nafasi, ili ujuzi huu usikae katika kichwa kimoja.

Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2025 kuwa Mwaka wa Ushirika duniani, kama ulivyofanya mwaka 2012. Hotuba nyingi zilisemwa katika miji mikubwa. Lakini ushirika wako unaanzia kituoni, penye foleni ya madebe, wakati mjumbe wako anapofungua barua na kuisoma kwa sauti.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kesho asubuhi usisahau kuuliza yale maswali matatu. Na kama wewe mwenyewe ndiwe mjumbe, tia mkono mfukoni mwa koti lako sasa hivi. Je, mna barua humo?